Maskara Haiishi

Tangu Januari naishi na sheria moja: sinunui lipstiki, sinunui poda, sinunui hata wanja wa penseli wa bob hamsini, mpaka maskara niliyo nayo iishe. Sheria si yangu. Ni ya sister yangu mkubwa, ambaye hulipa zaidi ya nusu ya renti ya keja yetu hapa Kayole, na ambaye siku moja alimwaga mfuko wangu wa vipodozi kitandani akahesabu vitu kumi na vinne vilivyofunguliwa. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeisha. Hakupiga kelele. Alisema tu, "We humalizangi kitu."

Sisi wawili tulijua haongei juu ya mekapu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na karo ya mwaka wa kwanza alikuwa amelipa yeye. Kwa hivyo nikakubali. Nikachagua kuanza na maskara manake ndiyo ilikuwa ndogo kuliko vyote. Nikajiambia, mwezi mmoja, labda miwili.

Sasa ni Septemba. Brashi inatoka kavu na kuacha vinundu kwenye kope kama masizi ya sufuria, lakini nikichungulia ndani bado naona weusi.

Lazima uelewe mahali nilipolelewa. Mtaa huu wenyewe ulianza kwa kumalizia. Miaka ya 1980, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu walipewa viwanja wakaambiwa wajenge wenyewe. Wakajenga chumba kimoja, wakangoja pesa, wakaongeza kingine, na leo ni gorofa juu ya gorofa. Kwetu kolgeti hukatwa kwa makasi ikifika mwisho, chupa ya lotion hulala kichwa chini wiki nzima, na sabuni iliyobaki kipande hubandikwa kwenye sabuni mpya. Tunajua kumaliza. Nikaanza kujiuliza kama shida ni mimi ama ni hiki kichupa, na hapo ndipo nikaanza kusoma.

Lakini kabla ya vitabu kulikuwa na jirani wa floor ya pili, mama aliyezaliwa Lamu. Nilimweleza shida yangu tukianua nguo. Akaniuliza, "Maskara ndiyo nini, ule wanja wa kope?" Akaingia ndani akatoka na kichupa kidogo cha shaba chenye kijiti. "Huu ulikuwa wa mamangu, mwanangu. Ukiisha husaga mwingine, natia humu humu."

Wanja wa manga, ndiyo jina lake. Manga ni neno la zamani la Uarabuni, hasa upande wa Oman, kwa hivyo jina lenyewe linakuonyesha majahazi yalitoka wapi. Na si jambo la juzi. Neville Chittick alipochimbua magofu ya Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, kati ya vitu vilivyotoka ardhini vilikuwemo vijiti vya shaba vya kupakia wanja. Mji ule ulishaanguka, wafalme wake hata majina yao tunabishania, lakini kijiti cha mwanamke fulani kimebaki. Wamisri wa kale walifanya vilevile: walisaga jiwe jeusi la galena wakalichanganya na mafuta, wake kwa waume.

Galena ni madini ya risasi. Hapo ndipo hadithi ya bibi na kichupa chake cha shaba inaharibika kidogo, na nisingekuwa mkweli nikiiacha tamu. Risasi ikiingia mwilini, hasa wa mtoto, hudhuru ubongo. Mwaka 2010 wanakemia wa Ufaransa waliandika kwamba chumvi za risasi zilizokuwa kwenye wanja wa Misri, kwa kiasi kidogo sana, huenda zilisaidia seli kupigana na vijidudu vya macho. Inavutia, lakini singempaka mtoto wa mtu. Ninachotaka uone ni kitu kingine: wanja ulikuwa unga mkavu, na unga hauwezi kukauka zaidi. Unapungua tu mpaka unakwisha. Mama wa Lamu hajawahi kuwa na tatizo langu.

Wala wanawake wa kwanza wa maskara ya dukani hawakuwa nalo. Mwaka 1915 huko Chicago kijana anayeitwa Tom Lyle Williams alimwona dada yake Mabel akipaka kope Vaseline iliyochanganywa na vumbi la makaa. Kutoka kwa jina la Mabel na Vaseline likatoka jina Maybelline, na mwaka 1917 wakauza maskara ya kipande: sabuni na rangi nyeusi zimegandamizwa ndani ya kikopo, na brashi ndogo pembeni. Unalowesha brashi, unasugua, unapaka. Wengi walilowesha kwa mate. Chafu, ndiyo, lakini kipande kile uliweza kukisugua mpaka uone bati chini. Na ukiona bati, umemaliza. Hakuna mtu wa kukubishia.

Mambo yaligeuka mwishoni mwa miaka ya 1950, Helena Rubinstein alipotoa maskara yake ya majimaji ndani ya kichupa chembamba, na kijiti cha chuma chenye mifereji badala ya brashi. Baadaye brashi ikarudi, mwaka 1971 Maybelline wakatoa ile ya pinki na kijani ambayo bado iko madukani, na kipande cha bati kikasahaulika.

Ukikiangalia kichupa hiki kwa makini utaona kimeundwaje. Mdomoni kuna kizibo chembamba cha mpira ambacho hupangusa brashi ikitoka, ili usijipake matope. Kizibo hicho hicho kinafanya brashi isifike kwenye kuta, kwa hivyo kilichoshikana kando kinabaki kando. Ndani kuna maji, nta na rangi ya oksidi ya chuma. Kila ukifungua, maji yanatoroka kidogo, na ukipampu brashi ili upate zaidi, unaingiza hewa na kuikausha haraka zaidi. Yaani bidii yako yenyewe ndiyo inaua mzigo. Mililita nane au kumi hivi, na hutaziona zote maishani.

Halafu kuna daktari. Sababu ya kuogopa ipo: miaka ya 1930 Marekani kulikuwa na rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, wanawake wakapofuka, na mwaka 1938 nchi hiyo ikapata sheria iliyoweka vipodozi chini ya serikali kwa mara ya kwanza. Tangu 2005 Umoja wa Ulaya unalazimisha kile kichoro cha kopo lililofunguka chenye namba ya miezi. Kigeuze kichupa chako, kipo. Changu kinasema 6M. Madaktari wa macho hawangoji hata hiyo sita, wao husema tupa baada ya miezi mitatu, manake brashi hutoa vijidudu kwenye kope na kuvirudisha mahali penye giza na unyevu.

Kwa hivyo nina amri mbili. Moja inasema maliza. Nyingine inasema tupa kabla hujamaliza. Serikali nayo, ikiwa na yake ya kusema, mwaka 2022 ilipandisha ushuru wa vipodozi kutoka asilimia 10 hadi 15. (Mwaka uliofuata mswada wa fedha ukapendekeza ushuru wa wigi, kope na ndevu bandia. Mtaani tulicheka hizo ndevu mwezi mzima.)

Mimi nilitii amri ya sister. Mwezi wa sita nikatia matone ya maji ya mfereji ndani, nikatikisa, na ikarudi laini kama mpya. Siku tatu nilikuwa mrembo. Ya nne niliamka jicho la kulia halifunguki, na kwa kemisti nikaacha pesa ambazo zingenunua maskara mbili. Sister alinishika mkono njia nzima kwenda na kurudi. Hakusema kitu juu ya mfuko wa vipodozi. Nami sikusema kitu, ingawa nilikuwa na mengi.

Jumapili iliyopita nilimwita jikoni. Nilikuwa nimeandaa hotuba yote: Lamu, Kilwa, Mabel, kizibo cha mpira, 6M. Nikamwambia kuna vitu vimetengenezwa visiishe, na kwamba kuviacha si tabia mbaya. Akasikiliza akikatakata sukuma. Aliuliza swali moja tu, kama Mabel alilipwa.

Nikachukua kisu na kichupa, nikakipasua katikati kama kolgeti. Kuta zote zilikuwa nyeusi, nene. Ile nta ilikuwa imepasuka vipande vipande kama matope ya Spine Road jua likiwaka. Akaweka sukuma chini, akainama, akakwangua kidogo kwa ukucha na kuangalia kidole.

"Hii haijaisha," akasema.