Mshipa Upi, na Dawa Yafanya Nini?

“Mshipa” ni jina lenye watoto wengi mno. Kuna mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, hata busha watu huliita mshipa. Mama wa Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, akiambiwa kwamba mshipa wa kichwani mwa mwanawe umeziba, ana haki ya kuuliza: upi? Muganga aliyesomea Kifaransa humjibu “trombozi”, na swali hubaki palepale.

Kiswahili cha biolojia kimetenga ateri, ipelekayo damu, na vena, irudishayo damu moyoni. Ateri ya ubongo ikiziba, ubongo hukosa damu. Vena ikiziba, damu imeshaingia ila haina pa kutokea. Ziwa Tanganyika nalo lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga kule Kalemie; katika miaka ya 1870 mlango huo uliziba, ziwa likapanda hadi maji yalipojipasulia njia. Kichwani shinikizo hupanda vivyo hivyo: mtoto huumwa kichwa, hutapika, hushikwa na degedege, pengine damu huvuja ndani ya ubongo.

Visababishi havitoki mbali. Uvira na kolera wanajuana kwa miaka mingi, na mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara damu yake huwa nzito, rahisi kuganda. Usaha wa sikio ulioachwa bila tiba huweza kuifikia vena kubwa iliyo nyuma ya sikio. Kwa hiyo tiba huanza na mambo yanayojulikana: serumu ya kurudisha maji, antibiotiki, dawa ya degedege.

Kisha huja heparini, iliyogunduliwa Baltimore mwaka 1916 katika ini la mbwa na kupewa jina la Kigiriki la ini. Mitaani huitwa “dawa ya kuyeyusha damu”. Hapo ndipo ninapopinga. Heparini haiyeyushi bonge la damu lililoziba vena. Hulizuia lisikue, na mwili wenyewe hulimumunya polepole. Ndiyo maana matibabu, kwa sindano au baadaye kwa vidonge, huendelea kwa kawaida miezi 3 hadi 6. Mzazi anayeamini kwamba bonge limeshayeyuka siku mtoto alipoamka na kuomba chakula ataona hana sababu ya kuendelea.

Kitenzi “kuyeyusha” hutisha pia. Hata damu ikiwa imeshavuja kwa sababu ya vena kuziba, mara nyingi madaktari bado hutoa heparini kwa uangalifu, maana bonge ndilo chanzo cha uvujaji. Anayesikia “kuyeyusha” atadhani wanauzidisha.

Tuseme basi “bonge katika vena ya ubongo” na “dawa ya kuzuia damu kuganda”. Ni maneno marefu, lakini yanasema kweli. Waganga wa Uvira, yatumieni mbele ya wazazi. Nanyi wazazi, msiisimamishe dawa hiyo kabla aliyeiandika hajasema basi.