Siri ya Mtoa Habari Mbele ya Majaji wa Uingereza

Mwaka 1963 waandishi wawili wa magazeti ya London, Brendan Mulholland wa Daily Mail na Reg Foster wa Daily Sketch, walitiwa gerezani, wa kwanza kwa miezi sita na mwenziwe kwa mitatu, kwa sababu walipoulizwa na baraza lililokuwa likichunguza mkasa wa John Vassall, karani wa serikali aliyewafanyia Warusi ujasusi, ni nani aliyewapa habari walizoziandika, walikataa katakata kumtaja. Rufani yao ilimfikia Lodi Denning, naye akahukumu ya kwamba sheria haimtambui mtu mwenye haki ya kuficha siri mbele ya jaji ila wakili kwa ajili ya mteja wake. Padri na tabibu hawana haki hiyo, sembuse mwandishi. Jaji, alisema, ataiheshimu amana ya mtu, wala hatamshurutisha kujibu isipokuwa jawabu lina maana na lahitajika. Hisani njema, bila shaka, ila wawili wale haikuwafaa kitu.

Ikapita miaka 18 hata Bunge likatunga, mwaka 1981, Sheria ya Kudharau Mahakama, ambayo kifungu chake cha 10 kilikataza kumlazimisha mwandishi amfichue mtoa habari, ila ikithibitika kuwa hapana budi kwa maslahi ya haki, kwa usalama wa taifa, au kwa kuzuia fujo na uhalifu. Aliyesoma kwa makini aliona kwamba kilichotolewa kwa mkono wa kulia kingeweza kurejeshwa kwa wa kushoto.

Ndivyo ilivyokuwa. Oktoba 1983 gazeti la Guardian lilichapisha waraka wa siri juu ya makombora ya Kimarekani yaliyokuwa yakiletwa Greenham Common, nakala ambayo mletaji wake aliiacha gazetini bila ya kujitambulisha. Serikali ikaidai nakala hiyo kwa hoja ya usalama wa taifa, mahakama ikaikubalia, na mhariri Peter Preston akaitoa. Alama zilizokuwamo zikawaelekeza wapelelezi kwenye mashine iliyoitoa, na kutoka hapo kwa Sarah Tisdall, karani wa Wizara ya Mambo ya Nje mwenye umri wa miaka 23, aliyefungwa miezi sita Machi 1984. Nijuavyo mimi, ni shida kupata mfano mchungu kuliko huu, wa gazeti kumponza mtu lisiyemjua hata jina.

Kisha akaja William Goodwin, kijana mwanafunzi wa kazi katika jarida la The Engineer, aliyepashwa kwa simu, Novemba 1989, habari za udhaifu wa fedha wa kampuni ya Tetra. Kampuni ilipata amri ya kuzuia habari isichapishwe, na juu yake ikataka jina. Goodwin akakataa, Baraza la Malodi likaiunga mkono amri ya kumtaja, naye akatozwa faini ya pauni 5,000. Alikwenda Strasbourg, ambako Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, tarehe 27 Machi 1996, kwa kura 11 dhidi ya 7, ilisema kwamba Ibara ya 10 ya Mkataba wa Ulaya imevunjwa, kwani amri ile ya kuzuia uchapishaji ilikwisha kuikinga kampuni na sehemu kubwa ya madhara.

Hata baada ya hapo, mwaka 2002, Malodi waliliamuru Daily Mirror limtaje aliyelipatia habari za tiba za mfungwa Ian Brady. Akajitokeza mwenyewe Robin Ackroyd, naye pia mwandishi, akakataa kumtaja aliyempa yeye, na mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ikamwacha na siri yake.