Masuala ya wapigakura wa mageuzi, Eldoret

Masuala ya wapigakura wa mageuzi jijini Eldoret, Kaunti ya Uasin Gishu, ni madai yanayotanguliza haki na gharama ya maisha mbele ya kabila: kodi, ajira za vijana, bei ya mahindi na mbolea, uwajibikaji wa polisi na wa kaunti. Kodi ndiyo iliyopata uzito zaidi Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, ambao Rais William Ruto alikataa kuutia saini baada ya waandamanaji kuuawa nchini. Wapo wanaosema kabila bado ndilo huamua, kwa kuwa Uasin Gishu ilimpa Ruto, Mkalenjin kama wengi wa wakazi wake, kura nyingi mwaka 2022. Hoja hiyo inaeleza uchaguzi ule. Haielezi kwa nini maandamano yalifika hata ngomeni mwa Ruto.