Bati Lisilo Bati: Majina ya Metali na Vipuri vya Magari katika Kiswahili cha Karagwe na Kyerwa

Katika Kata ya Kamuli, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe hadi Wilaya ya Kyerwa ilipoanzishwa mwaka 2012, nyumba huezekwa kwa bati. Katika vilima vya wilaya hiyo hiyo huchimbwa bati. Sentensi hizi mbili zina neno moja, lakini hazitaji kitu kimoja. Bati la paa ni karatasi ya chuma iliyopakwa zinki ili isishike kutu. Bati la mgodini ni metali nyeupe, laini, inayoyeyuka katika nyuzi 232 za Selsiasi, ambayo mawe yake yamechimbwa Kyerwa tangu enzi za utawala wa Waingereza. Ni nadra lugha kumfanya msemaji achimbe kitu kimoja ardhini na kulala chini ya kingine, vyote kwa jina lile lile.

Mkanganyiko wa namna hii huhesabiwa kuwa kosa, na wanaolaumiwa zaidi ni mafundi wa gereji pamoja na wapenzi wa magari wanaojifunza msamiati wao kwa mafundi hao. Inasemekana kwamba kwao kila chenye rangi ya njano ni shaba, kila kizito ni chuma, propela si propela, na injini iliyokufa “imenoki”. Lawama hizo zina ukweli ndani yake, lakini zinachanganya mambo mawili. Yapo mabadiliko ya maana yasiyomdhuru yeyote, na ipo miungano ya maana inayomnyima msemaji tofauti anayoihitaji kazini. Historia ya majina yenyewe ndiyo inayoonyesha lipi ni lipi.

Neno chuma ni la Kibantu. Katika Runyambo, lugha ya wenyeji wa Karagwe, na katika Ruhaya, ni ekyoma. Mzizi ni mmoja, na hata ngeli ni ile ile ya ki-/vi-. Mhunzi ni omuhesi, na nyundo ni enyondo. Hapa hapakuwa na cha kuletwa kutoka pwani. Peter Schmidt na Donald Avery, katika makala yao ya mwaka 1978 kwenye jarida la Science, walionyesha kwamba wafua chuma wa Buhaya walizalisha chuma chenye kaboni katika tanuri zao za kale. Hoja yao kuhusu kupashwa moto kwa hewa kabla haijaingia tanurini ilipingwa na wengine, lakini ustadi wenyewe haukutiliwa shaka. Huko Bweranyange, makao ya wafalme wa Karagwe, uhunzi ulikuwa sehemu ya ufalme. Speke, aliyefika kwa Mfalme Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, na Stanley, aliyefika mwaka 1876, wote waliandika habari za hazina ya kifalme ya vyuma, vikiwemo ng’ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma.

Shaba ilikuja kwa njia nyingine. Wafanyabiashara wa pwani waliokuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, walileta pamoja na nguo na shanga waya nene za shaba, masango, zilizofanywa vikuku. Kilichofika Karagwe, kwa hiyo, kilikuwa jina pamoja na bidhaa, na bidhaa yenyewe mara ilikuwa nyekundu, mara ya njano. Neno lenyewe linatokana na Kiarabu, na huko lilitaja kwanza ile metali ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, iliyoitwa hivyo kwa sababu inafanana na dhahabu. Mzizi wa neno ni “kufanana”. Fundi wa gereji anayeiita bomba la njano shaba hajapotoka basi. Yeye ndiye aliye karibu zaidi na maana ya asili. Ni Kiswahili sanifu kilichoelekeza neno kwenye metali nyekundu, na matumizi hayo yalipata nguvu ya dola mwaka 1971 jimbo la Katanga lilipopewa jina la Shaba, jina lililodumu hadi mwaka 1997. Sufuria nayo ina kisa cha aina hiyo: asili yake ni neno la Kiarabu la metali ya njano, na leo chombo hicho ni cha aluminiamu, wala hakuna mpishi anayeonekana kusumbuka.

Bati lilihama kwa hatua. Debe la mafuta ya taa, ambalo jina lake lina asili ya Kihindi, na kopo, ambalo jina lake ni la Kireno, vilitengenezwa kwa karatasi ya chuma iliyopakwa bati halisi. Ngozi ya nje ndiyo iliyoupa mwili wote jina. Karatasi za kuezekea zilipoenea, nazo zimepakwa zinki badala ya bati, jicho halikuona tofauti, na jina likaendelea. Hakuna aliyedanganywa kwa hilo, kwa kuwa mwenye nyumba hahitaji kujua kilichopakwa, anahitaji kujua kama paa linavuja.

Msamiati wa gari ulikuja juu ya tabaka hizi. Gari lenyewe ni neno la Kihindi. Karakana ni la Kiajemi. Usukani ulitoka jahazini. Vilivyobaki vingi ni vya Kiingereza, na vilipokewa kwa masikio, gerejini, bila kitabu. Ndipo palipozuka yale yanayochekwa. Neno la kizuia tope cha gurudumu lilianza na silabi iliyofanana na kiambishi ma-, likawa madigadi, na moja likawa digadi: kanuni ya ngeli imetumika barabara kwa neno lisilo na ngeli. Ringi ni ya pistoni na pia ni ya gurudumu, kwa sababu maneno mawili ya Kiingereza yalikutana katika sauti moja. Plagi ni ya cheche na pia ni ya ukutani. Propela, ambayo baharini ni rafadha, gerejini ni ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu; jina la Kiingereza lilikuwa na maneno mawili, na fundi akabaki na la kwanza. Kunoki, ambalo kwa Kiingereza lilitaja mlio wa kugonga tu, kwa Kiswahili limekuwa matokeo ya mlio huo: injini iliyonoki imekwisha.

Katika mifano hii yote mawasiliano hayakatiki. Hakuna gari la Kamuli lenye rafadha, hivyo propela haina mshindani. Pahali pengine gereji imekuwa makini kuliko kamusi: mafuta ni ya kuendeshea, oili ni ya kulainishia, na fundi hachanganyi. Kamusi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili aliyoiandaa Rajmund Ohly, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1987, ni kazi ya kuheshimiwa; lakini juhudi nyingi za istilahi zilizofuata zimependa mno kutafuta neno la Kibantu la kuziba nafasi ambayo neno la gereji limekwisha kuikalia kwa amani.

Penye hasara ni kwenye metali. Bloku za injini nyingi ni za chuma cha kusubu. Hedi za magari mengi ya sasa ni za aluminiamu. Mteja husema vyote ni chuma. Chuma cha kusubu kikichomelewa bila kupashwa moto taratibu hupasuka kando ya kiungo, na aluminiamu huyeyuka karibu na nyuzi 660 bila kugeuka nyekundu kwanza, hivyo asiyeijua huona hedi ikimdondokea ghafla. Fundi mzoefu anajua tofauti kwa sumaku, kwa uzito, kwa cheche za msasa. Ujuzi upo mkononi. Kisichokuwepo ni jina ambalo mwanagenzi angeliandika kwenye daftari, au ambalo mwenye gari angelitaja kwa simu. Pua na feleji, majina ya zamani ya chuma kigumu, hayakushuka gerejini, na chuma cha pua katika matangazo mengi ya vyombo kimekuwa kile kisichoshika kutu.

Rejeta ya zamani inatoa mfano ulio wazi zaidi. Mapezi yake ni ya shaba nyekundu, matangi yake ni ya shaba ya njano, na lehemu iliyoyaunganisha ni bati na risasi: metali zisizopungua nne, kwa jina moja la “rejeta ya shaba”. Kwenye mizani ya vyuma chakavu nyekundu ina bei kubwa kuliko ya njano, na anayeuza kwa jina moja hulipwa kwa bei moja, ambayo si ile ya juu. Majina ya kutofautisha yapo tayari na hayahitaji kikao cha kuyabuni. Yanahitaji kutumika pale penye mizani.

Kyerwa yenyewe imekwisha kujitafutia njia. Magazetini na katika mazungumzo ya masoko ya madini, yaliyoanzishwa nchini tangu mwaka 2019, husemwa “madini ya bati”. Neno madini limeongezwa ili kufanya kazi ambayo bati halikuweza tena kuifanya peke yake, na hakuna kamati iliyoliagiza.

Bati hilo halisi limo pia ndani ya magari yanayopita Kamuli. Beringi za mhimili mkuu wa injini nyingi zimepakwa tabaka jembamba la mchanganyiko wa aluminiamu na bati, laini kiasi cha kumeza vumbi bila kuukwaruza mhimili. Gerejini tabaka hilo halina jina. Oili ikikosekana, tabaka hilo huliwa, chuma hukutana na chuma, mlio wa kugonga huanza, na fundi husema imenoki.