Kutoka Ikulu hadi Bombani: Historia ya Matembezi Marefu ya Tabianchi

Tarehe 1 Machi 2014 kundi la watu liliondoka kwa miguu Wilmington, kitongoji cha bandari ya Los Angeles kilichobanana na viwanda vya kusafisha mafuta, likaelekea Washington kuidai serikali ya Marekani ichukue hatua dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Safari ilikuwa ya kilomita zipatazo 4,800, kuvuka majangwa ya California na Arizona, milima ya Colorado na mashamba ya mahindi ya Nebraska na Iowa. Mwasisi wake, Ed Fallon, aliyewahi kuwa mjumbe wa Bunge la jimbo la Iowa, alitaraji watu 1,000. Waliotembea mfululizo kwa miezi yote minane walikuwa makumi tu. Walifika mbele ya Ikulu ya Marekani tarehe 1 Novemba, na siku tatu baadaye uchaguzi ukaikabidhi Seneti kwa chama cha Republican, ambacho viongozi wake wengi hawakutaka hata kulisikia suala hilo. Ukiyapima kwa walichokipata mlangoni kwa mkubwa, matembezi yale yalishindwa. Lakini kipimo hicho chenyewe kina kasoro. Historia ya matembezi ya aina hii inaonyesha kwamba nguvu yake hukaa katika njia inayochaguliwa zaidi kuliko mahali pa kufikia, na wanaharakati wa tabianchi walichukua miaka kadhaa kulitambua hilo.

Wale waliowatangulia walilijua mapema. Gandhi alipotoka Sabarmati mwezi Machi 1930 na kutembea kilomita zipatazo 385 hadi Dandi, hakwenda Delhi kumwona mtawala wa Kiingereza. Alikwenda pwani, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na chumvi, na sheria aliyokusudia kuivunja ilihusu chumvi. Mwaka 1965 watu weusi wa Alabama walitembea kutoka Selma hadi Montgomery kudai haki ya kupiga kura katika jimbo lililokuwa likiwanyima haki hiyo, na ilipofika Agosti Rais Johnson alikuwa amekwisha kutia saini sheria ya kuilinda. Safari zote mbili zilikuwa na kitu cha kushikika. Tabianchi haina kitu kama hicho: gesi inayochafua anga hutoka kila mahali, na hakuna lango moja ambalo mtu anaweza kulisimamia akasema hapa ndipo. Ndiyo maana matembezi ya mwanzo yaliwafuata wanasiasa. Mwaka 2006 mwandishi Bill McKibben aliongoza safari ya siku tano katika jimbo la Vermont, kutoka Ripton hadi Burlington, mwendo wa kilomita 80 hivi. Walipofika walikuwa wapatao 1,000, na wagombea wa Bunge wa vyama vyote viwili wakaweka saini ahadi ya kupunguza gesi hizo kwa asilimia 80 ifikapo 2050. Ahadi ya miaka 44 ni rahisi kuisaini. Matunda hasa ya Vermont yalikuwa mtandao wa watu: kutokana na safari ile McKibben na wanafunzi wachache walianzisha harakati zilizozaa shirika la 350.org mwaka 2008.

Fallon alifuata mfano mwingine, ule wa matembezi ya amani ya mwaka 1986, ambapo watu wapatao 1,200 waliondoka Los Angeles kwenda Washington kudai silaha za nyuklia ziteketezwe. Majuma mawili tu baada ya kuanza, shirika lililoyaandaa lilifilisika wakiwa Barstow, katikati ya jangwa. Wengi walirudi makwao, lakini mamia walijipanga upya wakafika Washington katikati ya Novemba. Simulizi ya ushupavu inavutia, na bila shaka ndiyo iliyowavuta watu wa 2014. Tatizo ni kwamba ushupavu si hoja. Septemba mwaka huo huo wa 2014, siku moja tu jijini New York, waandaaji wa maandamano mengine ya tabianchi walihesabu zaidi ya watu 300,000, na vyombo vya habari vikaelekeza macho huko. Kama jambo ni idadi na kelele, miezi minane barabarani haiwezi kushindana na alasiri moja ya jiji kubwa. Matembezi yanaweza kufanya kitu kingine ambacho jiji haliwezi, nacho ni kumfikia mtu asiyehudhuria maandamano, kwake, na kumsikiliza.

Nebraska ilitoa funzo hilo. Huko wafugaji na wakulima, wengi wao wapiga kura wa Republican, walikuwa wakipambana na bomba la Keystone XL lililokusudiwa kupitisha mafuta mazito ya Kanada chini ya mashamba yao. Mwaka 2013 wapinzani wa bomba walijenga ghala linalotumia umeme wa jua na upepo juu kabisa ya njia ambayo bomba lilipangiwa kupita. Mkulima wa huko hakuhitaji kwanza kukubaliana na wanasayansi kuhusu joto la dunia. Alihitaji tu kuambiwa kwamba kampuni inaweza kuitwaa ardhi yake bila ridhaa yake. Obama alilikataa bomba hilo Novemba 2015, Trump akalifufua, Biden akalifuta siku alipoapishwa mwaka 2021. Si haki kusema miguu ndiyo iliyoliua. Kesi mahakamani, makabila ya wenyeji wa asili na wenye mashamba walioshupaa ndio waliolichelewesha hadi siasa ikabadilika. Ila ilibainika mahali ambapo hoja ya tabianchi inashikika mkononi.

Fallon alijifunza. Mwaka 2015 alianza kutembea tena, safari hii ndani ya Iowa tu, kilomita zaidi ya 600 akifuata njia iliyopangwa ya bomba la mafuta la Dakota Access, akizungumza na wenye ardhi. Septemba 2018 wakulima, wanaharakati na wenyeji wa asili walitembea pamoja kwa siku nane kutoka Des Moines hadi Fort Dodge, kilomita 150 hivi kando ya bomba hilo hilo, kuunga mkono kesi ya wenye mashamba waliolipinga mahakamani. Ufilipino ililipata wazo hilo kwa njia yake. Yeb Saño, aliyekuwa mjumbe wa nchi hiyo katika mazungumzo ya Umoja wa Mataifa, aliondoka Manila tarehe 2 Oktoba 2014 na kutembea kilomita zipatazo 1,000 hadi Tacloban. Aliupa mgongo mji mkuu akaelekea mji uliovunjwavunjwa na kimbunga Haiyan, kilichoua zaidi ya watu 6,000, na akafika siku kilipotimiza mwaka mmoja.

Mpinzani atasema bomba la Dakota Access lilijengwa, nalo linapitisha mafuta tangu 2017. Ni kweli, na Mahakama ya Juu ya Iowa iliwakatalia wenye mashamba mwezi Mei 2019. Anayedai kwamba kutembea kunatosha kusimamisha mradi wa mabilioni anajidanganya. Swali la haki zaidi ni kama bila matembezi mkulima wa Iowa na mwenyeji wa asili wangekaa meza moja, na sioni ni mkutano gani wa hotelini ungewakutanisha. Wapo wanaosema pia kwamba tabianchi haingoji mwendo wa kilomita 25 kwa siku. Lakini mikutano ya Umoja wa Mataifa, ambayo wajumbe wake huenda kwa ndege, ilianza Berlin mwaka 1995, na gesi zimezidi kupanda. Pingamizi zito kuliko yote ni la tatu: kutembea miezi minane kwa hiari ni anasa ya mwenye muda na akiba, ilhali mamilioni hutembea kila siku kwa kukosa nauli. Hilo halina jibu kamili. Linatoa sababu nyingine ya kupendelea safari fupi zinazopita kwenye mashamba ya wahusika, ambazo mkulima anaweza kujiunga nazo siku moja kisha akarudi kazini.

Kwetu, kutembea kwa ajili ya siasa si jambo geni. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano wa TANU kuliunga mkono Azimio la Arusha. Yale yalikuwa matembezi ya kuiunga mkono serikali. Ya kuihoji hupokewa vingine. Oktoba 2022 wanafunzi 9 walikamatwa Kampala walipoandamana dhidi ya bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Upande wa Tanzania linapita mikoa minane, kuanzia Kagera. Atakayeifuata njia hiyo kwa miguu atakutana na wanaolalamikia fidia na wanaoshukuru kwa ajira, na atapaswa kuwasikiliza wote. Hata anayeliunga mkono bomba hana sababu ya kuyazuia matembezi ya namna hiyo.