Okot p'Bitek: Mshairi aliyepoteza kiti Kampala, akajenga jukwaa Kisumu

Mwishoni mwa mwaka 1968, Kisumu iliandaa tamasha la sanaa lililowakutanisha wachezaji ngoma, waimbaji na watu wa maigizo. Mwasisi wake hakuwa mwenyeji wa eneo hilo la Nyanza. Alikuwa Mwacholi wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa akiliongoza Jumba la Taifa la Maigizo mjini Kampala. Jina lake Okot p'Bitek.

Hata hivyo, ugeni wake ulikuwa nusu tu. Waluo wa kandokando ya Ziwa Viktoria na Waacholi wana asili moja, kutoka mtawanyiko ule wa watu walioteremka kufuata bonde la Naili karne nyingi zilizopita. Mzee wa Katito aliyekaa sokoni, pale barabara ya Kendu Bay inapoachana na ile ya Kisii, akimsikiliza Mwacholi akiongea hakosi kuambulia maneno kadhaa.

Okot alizaliwa Gulu mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu. Mama yake, Lacwaa, alisifika kwa uimbaji, na kwake ndiko kijana huyo alikozijua nyimbo za Kiacholi kabla hajajua shairi la vitabuni. Alisoma Gulu High School, kisha King's College Budo, ambako aliandika na kuongoza mchezo wa kuimbwa ulioitwa Acan. Mwaka 1953 alichapisha Lak Tar, riwaya ya Kiacholi kuhusu kijana anayehangaika kutafuta mahari.

Mpira ndio uliomfikisha Uingereza. Mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa wachezaji wa Uganda waliozuru nchi hiyo na kucheza miguu mitupu. Ziara ilipokwisha alibaki huko, akasomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na hatimaye elimu ya jamii na tamaduni Oxford. Huko Oxford alikerwa na wahadhiri waliowaita Waafrika washenzi. Hasira hiyo haikumtoka. Mwaka 1970 aliimwaga katika kitabu chake kuhusu namna wasomi wa Magharibi walivyozielewa vibaya dini za Kiafrika.

Jina lake lilivuma mwaka 1966, East African Publishing House ya Nairobi ilipotoa Song of Lawino. Ndani yake, mke wa kijijini anamsuta mumewe Ocol, msomi anayeona haya mila za kwao. Kitabu hicho baadaye kilitafsiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa kwa jina la Wimbo wa Lawino.

Mwaka huohuo wa 1966 alikabidhiwa Jumba la Taifa. Kabla ya hapo jukwaa hilo lilikuwa limezoea michezo ya kigeni. Okot akaingiza ngoma na waimbaji wa vijijini. Lakini ulimi wake haukuwahurumia wakubwa. Baada ya kuikosoa serikali ya Milton Obote, kazi ikaota mbawa, naye akavuka mpaka kuingia Kenya.

Jambo hilo si geni katika historia ya maigizo. Mwaka 1597, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, Ben Jonson alitiwa gerezani London kwa sababu ya mchezo The Isle of Dogs, uliowaudhi watawala. Tangu zamani, anayeandika kwa ajili ya umati hupimwa na dola kwa mizani tofauti na anayeandika kwa ajili ya kabati la vitabu.

Huko Kisumu, Okot alipewa kazi ya elimu ya watu wazima chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki. Kazi hiyo ilimfaa, maana ilimpeleka kwa watu badala ya kuwangoja darasani. Tayari alikuwa ameanzisha tamasha Gulu. La Kisumu likawa mwendelezo wake. Alishikilia kuwa sanaa ya Mwafrika haihitaji kungoja pazia lifunguliwe. Imo matangani, harusini, kwenye mavuno, na katika nyuzi za nyatiti. Kwa hoja hiyo, kijiji chochote cha Nyanza kina ukumbi wake hata kama hakina jengo.

Miaka ya Kenya ilizaa matunda mengi. Song of Ocol ilitoka 1970. Song of Prisoner ikafuata 1971, na wahakiki wameihusisha na mauaji ya Tom Mboya ya Julai 1969, msiba uliolitikisa eneo zima la ziwa. Mwaka 1972 kitabu chake Two Songs kilishinda Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Alifundisha Nairobi hadi 1978, akaenda Ife, Nigeria, kisha akarejea Uganda, akapokelewa Makerere. Alifariki Kampala tarehe 20 Julai 1982, akiwa na miaka 51.

Insha zake zilizokusanywa katika Artist, the Ruler, zilizotoka 1986, zinadai kuwa msanii ndiye mtawala wa kweli, kwa kuwa ndiye anayeziunda fikra ambazo jamii huishi kwazo. Ukiyasoma hayo bila kuijua Kisumu, utadhani ni majigambo ya mshairi. Ila aliyeyaandika alikuwa ameshapokonywa jumba zima la serikali, na bado akapata mahali pa kuendelea na kazi ileile.