Nyumba Iliyojengwa kwa Upendo Nayo Huhitaji Mlinzi



Mzazi wa mtoto mwenye usonji hulala na swali moja kifuani: nikifa, nani atamtunza? Tafakari yetu ya juma hili yafuata historia ya swali hilo nchini Uingereza, ambako wazazi walithubutu kulijibu kwa vitendo.

Mwaka 1962 wazazi kadhaa waliunda chama cha kuwatetea watoto wao, ambao wengi walihesabiwa kuwa hawafundishiki. Mwalimu Sybil Elgar hakukubali hukumu hiyo. Alianza kuwafundisha wachache nyumbani kwake London, na mwaka 1965 chama kikafungua shule huko Ealing. Lakini watoto hukua. Shule ikiisha, kijana aende wapi? Wengi waliishia katika hospitali kubwa zilizofungiwa mbali na macho ya watu. Ripoti ya mwaka 1969 kuhusu mojawapo, Ely ya Cardiff, ilithibitisha kuwa wagonjwa walitendewa ukatili. Basi mwaka 1974 chama kilifungua Somerset Court, makazi ya kwanza ya aina yake Uingereza kwa watu wazima wenye usonji. Elgar mwenyewe alihamia huko kuyaongoza.

Ingependeza historia iishie hapo. Mwaka 2016, katika Mendip House, nyumba moja ndani ya eneo lile lile la Somerset Court, iligundulika kuwa baadhi ya wahudumu waliwadhihaki na kuwadhalilisha wakazi. Mmoja alilazimishwa kutambaa sakafuni. Fedha za wakazi zililipia hata milo ya wahudumu. Nyumba ilifungwa mwaka huo huo, na ripoti ya uchunguzi ikatoka mwaka 2018.

Je, fedha zilipungua? Tukumbuke Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na Bristol. Gharama ya mkazi mmoja ilikuwa wastani wa pauni 3,500 kwa juma. Hata hivyo, mwaka 2011 kamera ya siri ya televisheni ilionyesha wakazi wakipigwa. Muuguzi mmoja alikuwa ametoa taarifa mapema, asisikilizwe. Mwaka 2012 wafanyakazi 11 walihukumiwa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ubora wa malezi ya bweni haupimwi kwa ada, wala kwa jina jema la waanzilishi. Hupimwa kwa maswali haya: nani huja bila kutoa taarifa? Nani hutambua huzuni ya kijana asiyeweza kusema? Mhudumu anayefichua uovu hulindwa, au hufukuzwa?

Upendo wa waanzilishi haurithiwi pamoja na majengo. Kila kizazi hudaiwa upya. Basi, wapendwa, tunapompeleka kijana wetu bweni, tusimwache mlangoni. Twende tena, tena siku isiyotarajiwa, tuketi naye, tule naye, tumtazame machoni.

Nawatakia Dominika njema.